Karatasi ya Uhuru

Ukipanda matatu ya Kisauni kutoka mjini Mombasa, ukishavuka daraja la Nyali utamsikia kondakta akigonga bati na kuita, "Kengeleni washuke!" Utotoni nilidhani hilo ni jina tu, kama Bombolulu au Mishomoroni. Kumbe kengele ipo. Imetundikwa kwenye kijimnara karibu na njia panda, bodaboda zimejipanga pembeni, na wengi wetu tunapita hapo mwaka mzima bila kuinua macho. Ni masalio ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society katikati ya miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wazee wa pale husema kengele ililizwa kila walipoonekana watu wanaokuja kuwarudisha wenyeji utumwani.

Nilikuwa nimesimama hapo mwanzoni mwa Februari 2025 mama mdogo aliponipigia simu. Hakunisalimu, na si kawaida yake.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Nasikia Thailand imekata umeme kule aliko kaka yako. Hiyo ni heri au ni shari?"

Kaka yangu ni mwanawe. Kwetu mtoto wa mama mdogo haitwi binamu. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya historia, tasnifu yangu ikihusu vyeti vya uhuru walivyopewa watumwa wa pwani ya Kenya, na katika familia yetu mtu anayesoma historia huchukuliwa kuwa anajua habari zote za dunia. Nilimwambia ni heri. Sikuwa na hakika.

Kaka aliondoka katikati ya mwaka 2024. Ana diploma ya usimamizi wa hoteli na alikuwa amefanya vibarua vya msimu huko Diani, msimu ukiisha anarudi nyumbani na mashati yake mawili meupe. Tangazo alilolipata lilitaka mtu wa huduma kwa wateja mjini Bangkok, ajuaye Kiingereza na mwenye kasi ya kuandika kwa kompyuta. Wakala hakuwa jitu la kutisha. Alikuja hadi nyumbani, akanywa chai, akamwita mama mdogo "mama". Mkufu wa dhahabu wa harusi ukauzwa ili tiketi ipatikane. Alipofika Bangkok alipakiwa kwenye gari pamoja na wenzake watatu wakaendeshwa karibu kilomita 500 hadi mji wa mpakani wa Mae Sot, na usiku wakavushwa mto Moei kwa mashua. Mto wenyewe mwembamba, anasema, mtu ungeweza kumwita mwenzako ng'ambo akakusikia. Ng'ambo hiyo ni Myanmar, upande wa Myawaddy. Huko walinyang'anywa pasipoti wakaambiwa kila mmoja ana deni: tiketi, gari, mashua, kitanda, chakula.

Kazi ilikuwa kuwa mwanamke. Alipewa picha za msichana mmoja mrembo, simu kadhaa, na maandishi yaliyopangwa ya kufuata siku baada ya siku. Siku ya kwanza unajifanya umekosea namba. Wiki ya pili unauliza kama amekula. Mwezi ukikatika unataja, kwa kupitia tu, faida uliyopata kwenye sarafu za kidijitali. Wachina waliobuni mtindo huu waliuita kwa jina linalomaanisha kumnenepesha nguruwe kabla ya kumchinja. Desemba 2024 INTERPOL iliomba jina hilo liachwe, kwa sababu linamfedhehesha aliyetapeliwa hadi anaona aibu kwenda polisi. Nakubaliana nao, ila nimeona ajabu kwamba katika mfano ule wa nguruwe hakuna aliyeuliza jina la anayebeba pumba.

Makambi haya hayakuota usiku mmoja. Mzizi mmoja ni kamari. China bara hairuhusu kasino, kwa hiyo kasino za Wachina zilijengwa kwa majirani, na mji wa Sihanoukville huko Kambodia ukawa kama kitovu cha kamari ya mtandaoni. Agosti 2019 Waziri Mkuu Hun Sen alitangaza kuwa leseni za kamari hiyo hazitatolewa wala kuongezwa muda. Wachina waliondoka kwa makumi ya maelfu, kisha korona ikafunga mipaka. Yakabaki majengo yenye vyumba, mabweni, intaneti, walinzi na kuta ndefu, lakini hayana wacheza kamari. Baadhi ya wenye majengo wakabadilisha bidhaa.

Mzizi mwingine ni vita. Wakaren wa mashariki ya Myanmar wamepigana na serikali yao tangu 1949. Mwishoni mwa 1994 askari wa Kibudha walijitenga na chama chao, KNU, wakaunda jeshi lao la DKBA, na Januari 1995 ngome ya KNU ya Manerplaw ikaanguka. Mwaka 2010 sehemu ya hao waliojitenga iligeuzwa kuwa kikosi cha kulinda mpaka chini ya jeshi la taifa, kikiongozwa na Saw Chit Thu. Ukishakuwa na bunduki, kipande cha ardhi na mto usio na mlinzi, utatafutwa tu na mwenye mtaji. Mwaka 2017 kikosi hicho kiliingia ubia na kampuni ya mfanyabiashara She Zhijiang kujenga "mji mpya" wa Shwe Kokko. Baada ya mapinduzi ya Februari 2021 serikali kuu ilikuwa na mambo mengine ya kushughulikia.

Mwanzoni walionaswa walikuwa Wachina kwa sehemu kubwa, wakitapeli Wachina wenzao. China ilipoanza kuwabana, matapeli wakageukia mifuko ya Wamarekani na Wazungu, na hapo wakahitaji watu wa Kiingereza. Ndipo tulipoingia sisi: Wakenya, Waganda, Waethiopia. Kiingereza tulichochapwa shuleni ili tukijue kilipata soko ambalo mwalimu hakulitaja. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa makadirio yake: watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine kama 100,000 Kambodia walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi hii.

Turudi kwenye swali la mama mdogo.

Umeme uliowasha taa za Myawaddy ulitoka Thailand, kwa nguzo na mita, ukilipiwa kama umeme wa mtu yeyote. Juni 2023 Thailand iliwahi kuukata kule Shwe Kokko. Wenye mji wakaleta majenereta, kazi ikaendelea. Tarehe 5 Februari 2025 iliukata tena, safari hii katika maeneo matano ya mpakani, pamoja na mafuta na intaneti. Mwezi mmoja kabla, mwigizaji wa Kichina Wang Xing alikuwa ametekwa akapelekwa Myawaddy, na watalii wa China wakaanza kuvunja safari zao za Thailand. Umeme ulikatwa siku zile zile ambazo Waziri Mkuu Paetongtarn Shinawatra alikuwa ziarani China. Sisemi hakujali watu waliokuwa ndani. Nasema tu kwamba Waafrika walikuwamo kwa miaka mingi na swichi ilikuwa pale pale ukutani.

Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa na faili la 1873 mezani. Januari ya mwaka huo Sir Bartle Frere, ambaye Kengeleni yetu ilibeba jina lake, alifika Unguja kumtaka Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa. Barghash akakataa. Waingereza wakatishia kuzingira kisiwa kwa manowari, na kisiwa kilichoishi kwa meli hakingeweza kustahimili hilo. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini. Soko la Mkunazini likafungwa, na kabla mwaka haujaisha jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana likawekwa papo hapo. Ukitembelea leo utaonyeshwa.

Ambalo huonyeshwi ni kwamba biashara ilishuka baharini ikaanza kutembea kwa miguu. Badala ya kupakiwa majahazini, watu walipitishwa nchi kavu kando ya pwani kuelekea kaskazini, safari ndefu zaidi na yenye vifo zaidi, hadi Barghash akalazimika kutoa matangazo mengine mwaka 1876 kupiga marufuku misafara hiyo nayo. Sihanoukville ilipobanwa, Myawaddy ilikuwa inajengwa. Oktoba 2023 majeshi ya waasi yalipoanzisha mashambulizi kaskazini mwa Myanmar, mji wa Laukkai, uliojaa makambi ya utapeli, ulianguka miezi michache baadaye, na familia ya Ming iliyokuwa ikitamba huko ikaishia mahakamani China, ambako Septemba 2025 watu 11 walihukumiwa kifo. Kaka yangu alikuwa ameshaingia Myawaddy wakati kesi zao zikiendelea. Kambi yake ilikuwa ikiongeza ghorofa.

Msimamizi wa tasnifu yangu haupendi ulinganisho huu, na ana hoja. Utumwa wa Unguja ulikuwa halali. Mwenye mtumwa alisimama mbele ya kadhi akamtaja kwa jina kama anavyotaja shamba la mikarafuu. Myawaddy hakuna anayekiri kummiliki mtu. Kuna deni tu, na deni linaweza kuuzwa na kampuni moja kwa nyingine, na mwenye deni akahama nalo. Kaka aliuzwa mara moja. Alijua bei yake, aliiona kwenye skrini ya simu ya msimamizi. Nimemwambia profesa nitauondoa ulinganisho kwenye tasnifu. Hapa nimeuacha.

Tarehe 12 Februari DKBA iliwakabidhi Thailand watu 260 wa mataifa 20, zaidi ya nusu wakiwa Waethiopia. Katika wiki zilizofuata watu kama 7,000 walitolewa kwenye makambi na kuwekwa kwenye vizuizi vya muda vya hao hao wanamgambo, wakisubiri serikali zao. Kaka alikuwa kwenye moja ya vizuizi hivyo. Umeme ulipokatika, alituambia baadaye, taa zilizimika dakika chache tu kisha majenereta yakanguruma na msimamizi akawaambia warudi vitini. Kilichowatoa ni wenye bunduki kubadili hesabu zao. Kizuizini walilala sakafuni, vyoo vikafurika, na simu moja ya magendo ilizunguka kati ya Wakenya. Alipopata zamu yake alimwambia mama yake maneno mawili: "Niko hai." Halafu salio likaisha.

Nilidhani kuokolewa ni mlango: unatoka, umetoka. Vyeti ninavyovisoma vingekuwa vimenifundisha.

Frere Town, waliookolewa walikuwa huru na pia hawakuwa. Walipewa viwanja, kazi, sala na kengele, na msimamizi mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya 1880 alilaumiwa hata na wakubwa wake kwa viboko alivyowachapa. Kule Rabai watoro kutoka mashamba ya Waswahili na Waarabu walikuwa wamejificha kwenye misheni kwa miaka. Ulipofika mwaka 1888, kampuni ya Waingereza iliyotaka kuitawala pwani ikaona hatari ya kugombana na mabwana. Mkuu wake, George Mackenzie, akawalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru. Mtu aliyekwisha kujikomboa kwa miguu yake akanunuliwa tena ili apewe karatasi.

Tangazo la 1897 la kufuta utumwa Unguja na Pemba ndilo linaloniuma zaidi. Halikumwachilia mtu yeyote siku ile. Lilisema mtumwa anayetaka uhuru aende mahakamani auombe. Bwana atalipwa. Masuria waliwekwa kando, wakahesabiwa kama wake. Na aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe kuwa ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angeweza kuhesabiwa mzururaji. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907, na huko pia fedha za fidia zilikwenda kwa waliokuwa wamiliki. Nimeshika baadhi ya karatasi hizo kwa glavu za pamba. Zina jina, kabila, umri wa kukisia, alama za mwilini. Nafasi ya kuandika alichotendewa mtu haimo.

Kaka alipovushwa tena mto Moei, safari hii mchana, aliketishwa mbele ya maafisa wa Thailand kwa ajili ya kuchujwa: nani mhanga wa biashara ya binadamu, nani mhalifu aliyeingia nchi bila kibali. Mkalimani alikuwa wa Kiingereza. Uliingiaje? Uliona silaha? Uliwahi kujaribu kutoroka? Uliwahi kulipwa? Hilo la mwisho ndilo lililomtoa jasho, kwa sababu aliwahi kulipwa. Mwezi mmoja alipofikisha lengo walimpa bonasi na kuku wa kukaanga. Alifikiri kusema hapana. Akasema ndiyo.

Alifika Nairobi, kisha Mombasa kwa basi la usiku, amekonda, kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Mama mdogo alimpikia mahamri na mbaazi. Alikula akiwa amesimama.

Sheria yetu ya 2010 ya kupambana na biashara haramu ya binadamu ni nzuri, naisema hadharani. Msafirishaji akipatikana na hatia adhabu haipungui kifungo cha miaka 30 au faini ya shilingi milioni 30. Kifungu cha 14 kinasema mhanga hatahukumiwa kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Kuna hata mfuko wa kuwasaidia wahanga. Basi nilimsindikiza kaka kwenye ofisi moja, sitaitaja, nikiwa nimechapisha kifungu hicho na kukipigia mstari kwa kalamu ya kijani.

Tulisubiri tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane. Afisa alikuwa kijana wa rika letu, mstaarabu, amechoka. Alisoma maelezo ya kaka akafika mahali akanyanyua kichwa.

"Bro, hapa unasema kuna mama wa Ohio ulimla dola elfu arubaini."

"Sikula mimi. Zilienda kwao."

"Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukiongea naye."

"Ndiyo."

"Miezi mingapi?"

"Mitatu na nusu."

"Na wakala uliyesema alikuja nyumbani kunywa chai, una risiti yake? Mkataba? Namba ya leseni?"

Hakuwa na risiti. Nani huandikishiana risiti na mtu anayemwita mama yako mama? Nilikitoa kifungu cha 14. Afisa alikisoma chote, na nilimheshimu kwa hilo. Akasema, kwa upole, "Dada, hiki ni cha mhanga. Kwanza inabidi ithibitike kuwa ni mhanga." Nilimsikia nikamkumbuka mtumwa wa 1897, amesimama kwenye baraza la mahakama ya wilaya huku bwana wake ameketi ndani.

Oktoba 2025 habari zilikuja kwa wingi. Waendesha mashtaka wa New York walitangaza kumshtaki Chen Zhi, mwenyekiti wa Prince Group ya Kambodia, na kushikilia bitkoini 127,271, thamani ya dola kama bilioni 15 wakati huo. Marekani na Uingereza zikaweka vikwazo kwa pamoja. Jeshi la Myanmar likavamia KK Park, kambi maarufu kuliko zote, na watu zaidi ya 1,500 wakakimbilia Thailand ndani ya siku chache. Nilimsomea mama mdogo kutoka kwenye simu, nikijaribu kueleza bitkoini ni nini. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama katika hizo bilioni 15 kuna fungu la mkufu wake.

Kaka sasa anaendesha bodaboda ya kukodi, stendi yake ni hapo hapo Kengeleni. Hapendi kuandika ujumbe. Ukimtumia maneno anapiga. Usiku mmoja aliniambia kuhusu yule mama wa Ohio. Alikuwa mjane, alifuga mbwa mzee kipofu, na kila jioni kwao, ambayo ni asubuhi Myawaddy, alimweleza msichana wa kwenye picha jinsi mbwa alivyoshinda. Siku ya kutuma pesa za mwisho alimwandikia kuwa amemwombea. Akaunti ilifungwa saa ile ile, kaka akapewa namba nyingine ya kuanza nayo. "Mimi nilijua mbwa anaitwa nani," aliniambia. "Yeye hata jina langu hakulijua."

Wiki iliyopita aliitwa tena ofisini, akapewa fomu mpya ya kurasa nne. Aliniletea tuijaze pamoja, tukakaa kwenye ngazi karibu na kengele kwa kuwa kulikuwa na kivuli. Jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuondoka nchini. Ukurasa wa tatu unauliza: Je, ulishiriki katika vitendo vyovyote vya jinai ukiwa huko? Ikiwa ndiyo, eleza. Chini yake pameachwa mistari miwili.

Aliandika kwa herufi ndogo, akamaliza mistari, akaingia pambizoni, akageuza karatasi upande ili aendelee. Kisha akainua kichwa akaniuliza kama kwenye mkoba wangu kuna daftari.